Tangazo la Kitabuni kwa Zahanati Ndogo: Mwongozo kwa Wenye Vituo vya Afya Mzenga na Jirani Zake

Kitabu cha orodha, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni chapisho la karatasi linalokusanya majina, namba za simu na anwani za watoa huduma, likayapanga kwa aina ya kazi au kwa mahali, na kujipatia sehemu kubwa ya mapato yake kutoka kwa wale wanaolipia ili waonekane kwa herufi kubwa kuliko wenzao. Aina yake mashuhuri ni kurasa za manjano zilizokuwa zikifungwa pamoja na kitabu cha simu. Aina nyingine ni maorodha ya biashara ya mkoa, vitabu vya wanachama wa vyama vya taaluma, shajara zenye kurasa za matangazo, na vijitabu vinavyochapwa kwa ajili ya maonesho ya biashara. Mwenye zahanati, kliniki ya meno, maabara au famasi anapofikiwa na wakala wa chapisho la namna hiyo, huonyeshwa kwanza bei ya robo ukurasa na idadi ya nakala zitakazochapwa. Mambo hayo mawili yana nafasi yake, lakini yanakuja nyuma ya jingine ambalo wakala hulitaja kwa nadra, nalo ni nani hasa hukifungua kitabu hicho, na hukifungua akiwa na shida gani.

Nchini Tanzania jibu la swali hilo limefungamana na historia. Sheria ya Hospitali Binafsi ya 1977 ilipiga marufuku tiba ya kibiashara, ikaziacha hospitali na zahanati za mashirika ya dini na ya hiari ziendelee, na marufuku hayo yakaondolewa kwa marekebisho ya 1991. Kwa hiyo katika miaka hiyo, ambayo simu ya mezani ndiyo ilikuwa simu pekee, na kitabu cha simu ndicho kilikuwa njia ya kuipata namba ya mtu asiyejulikana, daktari wa kujitegemea hakuwa na kituo cha kutangaza. Aliporuhusiwa kufungua, simu yenyewe ilikuwa inabadilika: TTCL ilianza kazi kama kampuni ya simu mwaka 1994, katikati ya muongo huohuo Mobitel ikaleta simu za mkononi, kisha Vodacom ikaingia mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, na namba za simu hizo mpya za watu binafsi hazikuorodheshwa katika kitabu chochote. Takwimu za TCRA zinaonyesha mambo yalipofikia, kwani mwishoni mwa 2023 laini za mkononi zilikuwa zimepita milioni 70 ilhali za mezani, nchi nzima, hazikufika laki moja. Zahanati ndogo za binafsi, kwa sehemu kubwa, zilizaliwa wakati kitabu cha simu kimeshaanza kufifia, na ndiyo maana ushauri ulioandikwa kwa daktari wa Chicago au wa Leeds hauwezi kuhamishiwa mkoa wa Pwani jinsi ulivyo.

Inafaa, hata hivyo, kuelewa kwa nini huko ulifaa. Orodha ya kwanza ya simu ilitoka New Haven, Marekani, mwaka 1878 ikiwa karatasi moja, na kurasa za manjano zilizopangwa kwa aina ya biashara zikashika kasi baada ya Reuben H. Donnelley kuzichapisha Chicago mwaka 1886. Uingereza ilizipata Brighton mwaka 1966, na huko huko Brighton ndiko toleo la mwisho la karatasi lilikogawiwa mwaka 2019. Katika muda wote huo kitabu kilisimama juu ya nguzo tatu: kiligawiwa bure katika kila nyumba yenye simu, kilikaa karibu na simu yenyewe, na mhamiaji aliyefika mji mgeni akiumwa jino hakuwa na mahali pengine pa kutazama. Nguzo hizo zilipoondoka, mapato ya matangazo yaliondoka nazo. Mwenye kituo anayepelekewa kitabu kipya cha orodha leo anaweza kukipima kwa nguzo zilezile, akiuliza kinagawiwa kwa nani, kinakaa wapi, na msomaji wake ana njia gani nyingine. Kitabu kinachoshindwa katika mambo yote matatu hakihitaji kujadiliwa bei.

Mzenga ni mfano mzuri wa mahali ambapo kitabu cha kawaida hushindwa. Kata hiyo iko wilaya ya Kisarawe, upande unaopakana na Kibaha. Reli ya TAZARA inapita hapo na ina stesheni, na barabara ya mkoa inayotoka Makofia kupitia Mlandizi kuelekea Maneromango inawaunganisha wakazi wake na Kibaha kwa upande mmoja na vijiji vya ndani vya Kisarawe kwa upande mwingine. Mgonjwa wa Mzenga ana chaguo chache, naye anazijua zote kwa jina: duka la dawa muhimu lililo karibu, kituo kilichopo kijijini, safari ya Mlandizi, au rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya Kisarawe au hospitali ya rufaa ya mkoa Tumbi. Anayeamua aende wapi mara nyingi ni mama wa nyumba, jirani aliyewahi kutibiwa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, au dereva wa bodaboda anayejua ni kituo gani kina taa inayowaka saa nane za usiku. Hakuna mahali katika mnyororo huo ambapo kitabu kinafunguliwa. Robo ukurasa ingemfikia mtu ambaye tayari anajua zahanati ilipo, au mtu wa Dar es Salaam asiye na sababu ya kusafiri hadi Mzenga kutibiwa malaria.

Wakala mwenye akili atajibu kwamba Pwani inajaa wageni, na hapo atakuwa na hoja. Sensa ya 2012 iliuhesabu mkoa huo kuwa na watu 1,098,668, na ile ya 2022 ikaukuta na watu 2,024,947, ongezeko linalokaribia mara mbili katika miaka kumi, ambalo sehemu yake kubwa inaonekana kwa macho katika Kibaha na Kiluvya, ambako nyumba mpya zinaifuata barabara ya Morogoro. Mgeni asiye na jirani wa kumuuliza ndiye hasa aliyekuwa msomaji wa kurasa za manjano za zamani. Ila mgeni wa leo ana simu mfukoni, na kama hapati jibu kwenye ramani ya simu hiyo ataliuliza katika kundi la WhatsApp la mtaa aliohamia. Fedha ya kumfikia itumike kuhakikisha kwamba kituo kinaonekana kwenye ramani mahali pake sahihi, na kwamba namba iliyowekwa hapo inapokelewa.

Kuna upande mmoja ambako tangazo la karatasi bado linaweza kulipa, nao ni ule ambao anayetafuta huduma ni ofisi, si mgonjwa. Kibaha ina viwanda, na eneo la Kwala, lenye bandari kavu, linaongezewa vingine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inadai wafanyakazi wapimwe afya, na ofisa rasilimali watu wa kiwanda hutafuta mtoa huduma kwa namna ya kiofisi, akikusanya majina matatu au manne ili aombe bei. Kitabu cha wanachama wa chama cha wenye viwanda au cha wafanyabiashara wa mkoa kinaweza kukaa juu ya meza ya ofisa huyo mwaka mzima. Kituo chenye wataalamu wanaotambuliwa kufanya upimaji wa namna hiyo, chenye maabara inayofanya kazi na uwezo wa kupokea watu hamsini kwa siku, kikipata mkataba mmoja tu kwa njia ya kitabu, kinaweza kurudisha gharama ya miaka kadhaa. Kituo kisicho na uwezo huo kitakuwa kinalipia tangazo la kazi ambayo hakiwezi kuifanya. Kliniki za meno na za macho ziko katikati ya pande hizi mbili, kwa sababu watu huzisafiria mbali, hupanga siku ya kwenda, na ada ya huduma moja ni kubwa kiasi cha kubeba gharama ya tangazo.

Hilo la ada linahitaji kuhesabiwa kwa kalamu. Kipimo kinachofaa ni salio la hudhurio, yaani kile kinachobaki mgonjwa anapokuwa amelipa na kituo kimetoa gharama zinazotokana na mgonjwa huyohuyo: dawa, vitendanishi vya maabara, glavu, bomba la sindano. Mishahara na kodi ya pango haziingii hapa, kwa kuwa zingelipwa hata kama mgonjwa huyo asingekuja. Ichukuliwe, kwa mfano wa kukadiria tu, kwamba robo ukurasa inauzwa shilingi 800,000 kwa mwaka, kwamba mgonjwa wa kawaida wa zahanati analipa shilingi 12,000 kwa hudhurio, na kwamba shilingi 7,000 kati ya hizo zinakwenda kwenye dawa na vipimo. Salio ni shilingi 5,000, na tangazo litajilipa baada ya mahudhurio 160. Ikiwa mgonjwa mpya, pamoja na watoto wake anaowaleta baadaye, huhudhuria mara nne kwa mwaka, kinachotakiwa ni wagonjwa wapya 40. Kliniki ya meno ambayo salio lake kwa huduma moja ni shilingi 40,000 inahitaji huduma 20 tu, na tofauti hiyo peke yake inaeleza kwa nini tangazo lilelile linaweza kuwa hasara kwa zahanati na faida kwa mlango wa pili wake.

Hesabu hiyo ina mitego miwili. Wa kwanza ni wagonjwa ambao wangekuja hata bila tangazo: mtu anayeishi hatua mia mbili kutoka kituoni, ambaye alichukua namba kitabuni kwa sababu tu kitabu kilikuwa karibu, hakuletwa na kitabu, na katika kijiji cha ukubwa wa Mzenga watu wa namna hiyo ndio wengi. Kama kati ya 40 waliotaja kitabu 15 wanatoka katika vitongoji vinavyokizunguka kituo, walioletwa na tangazo ni 25, na tangazo halijajilipa. Mtego wa pili ni bima. Mgonjwa wa NHIF halipi dirishani. Kituo hupeleka madai, husubiri, na huenda baadhi ya madai yakakatwa, hivyo salio lililoandikwa leo linaweza kufika baada ya miezi, wakati wakala wa kitabu alikwisha kulipwa taslimu kabla ya kuchapa. Mwenye kituo anayeendesha mambo yake kwa mzunguko mdogo wa fedha anapaswa kuuhesabu muda huo kuwa sehemu ya bei ya tangazo.

Namba zote hizo hazina maana bila kumbukumbu, na kumbukumbu haipatikani kwa kukisia mwishoni mwa mwaka. Njia rahisi ni safu moja ya ziada katika daftari la mapokezi, ambamo kila mgonjwa mpya huulizwa aliyemwelekeza na jibu lake huandikwa kwa maneno yake mwenyewe: shemeji, kibao cha barabarani, bodaboda, mhudumu wa jamii, kitabu. Swali lisielekeze jibu, kwani mgonjwa wa Pwani aliyelelewa kwa adabu, akiulizwa kama aliona tangazo, atasema aliliona ili asimvunje moyo anayeuliza. Njia ya uhakika zaidi, iliyotumika pia katika kurasa za manjano za Marekani, ni kuchapa kitabuni namba ambayo haionekani mahali pengine popote. Hapa nchini gharama yake ni ya laini moja ya ziada, iliyosajiliwa kwa jina la kituo na kuwekwa kwenye simu ya mapokezi, na kila simu inayoingia kwa laini hiyo ni mtu aliyetoka kitabuni. Miezi sita ya mwanzo inatosha kuonyesha mwelekeo. Kama laini imekaa kimya miezi sita, haitachangamka katika miezi sita inayofuata, maana kitabu hutazamwa zaidi kikiwa kipya.

Kuhusu kinachoandikwa ndani ya tangazo, uhuru wa mwenye kituo ni mdogo kuliko wa mwenye duka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na taaluma ya udaktari ilifuata mtazamo huo kwa muda mrefu, kiasi kwamba Baraza la Madaktari la Uingereza lililegeza katazo lake la kujitangaza mwaka 1990 tu. Miiko ya madaktari wa Tanzania imetokana na mkondo huohuo: kutaja jina la kituo, ngazi yake, huduma zilizopo, sifa za wataalamu na saa za kazi ni kutoa taarifa, lakini kujilinganisha na kituo jirani, kuahidi kupona au kuchapa ushuhuda wa mgonjwa ni kujinadi. Dawa haitangazwi bila kibali cha TMDA, na waganga wa tiba asili na tiba mbadala wanasimamiwa na baraza lao lililoundwa kwa sheria ya 2002. Picha au jina la mgonjwa, hata aliyeridhika, ni taarifa binafsi ya afya chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Miiko hii kwa kweli inamsaidia mwenye kituo kidogo, kwa kuwa tangazo lenye saa za kufungua, aina ya bima zinazopokelewa na maelekezo ya njia humfaa msomaji kuliko lenye sifa nyingi.

Maelekezo ya njia ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi. Kisarawe ina kata iitwayo Masaki, na mpangaji wa kitabu aliyezaliwa Dar es Salaam hatasita kuiweka zahanati ya huko katika Masaki ya rasi ya Msasani, Kinondoni, miongoni mwa balozi; Kisarawe II, nayo, iko Kigamboni. Jina la Mzenga hutajwa kwa upande wa Kibaha na kwa upande wa Kisarawe, na tangazo lililoandikwa “Mzenga, Pwani” bila wilaya, kijiji na alama inayojulikana, kama stesheni ya reli, linaweza kumpotezea mgonjwa nusu siku. Anwani iliyotolewa katika operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iandikwe kamili, na nakala ya majaribio isomwe kabla ya kuchapwa, tarakimu kwa tarakimu, na mtu ambaye hakuandika tangazo hilo.

Kabla ya kulipia orodha yoyote, mwenye kituo ahakikishe kwanza kwamba yumo, na yumo kwa usahihi, katika zile asizolipia. Rejista ya vituo vya kutolea huduma za afya ya Wizara ya Afya huonyesha jina, ngazi, umiliki na mahali pa kituo. NHIF ina orodha ya vituo ilivyovisajili, na kampuni binafsi za bima huwapa wanachama wao vijitabu vya vituo vinavyopokea kadi zao. Chama cha vituo binafsi, APHFTA, nacho kina wanachama wake. Mwenye kadi ya bima huitazama orodha ya bima yake kwa sababu kituo kisichokuwemo hakitamhudumia kwa kadi, na kwa sababu hiyo, hiyo ndiyo orodha pekee ambayo msomaji wake hana njia nyingine, sifa ambayo kurasa za manjano zilikuwa nayo zamani na zikaipoteza. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, uzito wa orodha hizo hautapungua. Kosa la tahajia katika jina la zahanati, au ngazi iliyoandikwa ya zamani baada ya zahanati kupandishwa kuwa kituo cha afya, linaweza kukigharimu kituo wagonjwa wengi kuliko robo ukurasa inavyoweza kuleta.

Fedha iliyobaki, kama ipo, ina kazi za karibu zaidi. Kibao kizuri kwenye njia panda ya barabara ya Mlandizi kinasomwa kila siku na abiria wa kila gari, mradi kisimikwe nje ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa Sheria ya Barabara ya 2007 imefikia meta 30 kutoka katikati kila upande kwa barabara kuu na za mkoa, na mradi ada ya bango iulizwe halmashauri mapema. Asubuhi moja ya kupima shinikizo la damu bure siku ya gulio huonyesha watu sura ya mganga, jambo ambalo karatasi haiwezi. Bodaboda wapewe kadi zenye namba ya usiku, lakini wasilipwe kwa kila kichwa wanacholeta, kwa sababu malipo hayo ni kugawana ada ya mgonjwa na mtu asiyemtibu, na hayapatani na miiko ya taaluma.

Kwa yule aliyepiga hesabu na kuona kwamba kitabu kinamfaa, yapo ya kuangaliwa katika mkataba wenyewe. Fomu inayodai tu “kuhakiki taarifa za kituo” bila malipo huweza kuwa na maandishi madogo yanayomfunga aliyesaini kwa miaka mitatu, hila iliyozoeleka duniani kote katika biashara ya maorodha; hivyo karani wa mapokezi asipewe mamlaka ya kusaini chochote cha namna hiyo. Wakala aombwe nakala ya toleo lililopita, na mwenye kituo awapigie watangazaji watatu waliomo humo kuwauliza kama wamerudia kulipia. Malipo yagawanywe, sehemu moja wakati wa kusaini na nyingine baada ya kitabu kugawiwa, na risiti ya EFD idaiwe. Mkataba usijifufue wenyewe mwaka unapokwisha.

Na namba iliyochapwa itunzwe baada ya tangazo kusimamishwa. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni za simu zilipobadili vitangulizi vya namba zao, 0744 ikawa 0754 na 0741 ikawa 0713, vitabu na kalenda zilizokwisha kuchapwa ziliendelea kuning'inia ukutani zikiwa na namba zisizopatikana. Siku hizi laini isiyotumika hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, ambaye ataamshwa usiku na mzazi mwenye mtoto anayedegedeka. Kwa hiyo laini ya kitabuni iendelee kuwekewa salio na kupokelewa kwa angalau miaka miwili baada ya toleo la mwisho, na gharama hiyo ndogo iandikwe tangu mwanzo katika bei ya tangazo.